Kundi Linganishi la Kilimani

Nchi yetu haina shida ya maji. Naomba hili lieleweke mapema, maana wageni wakishatua tu hukimbilia kuandika kwamba tuna shida ya maji, shida ya barabara na shida ya dawa. Hatuna shida hizo. Tuna maeneo ya utafiti.

Tofauti yake ilielezwa vizuri na Mheshimiwa Waziri wa Hifadhi ya Matatizo ya Jamii siku alipozindua wizara yake. Alisema nchi jirani zilibahatika kupata matatizo mazuri kabisa, zikayatatua ovyo, bila nadharia na bila sampuli, na leo hazina hata moja la kumwonyesha mfadhili. "Tatizo ni rasilimali ya taifa," alisema. "Tukiyamaliza yote sisi, wajukuu zetu watachunguza nini?" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kwa sababu polisi walikuwa wanapita kukagua viganja.

Ikatungwa sheria. Mtaa wowote ukishatangazwa kuwa eneo la utafiti, hakuna ruhusa ya kubadilisha chochote humo mpaka tasnifu ya mtafiti ipitishwe na chuo kikuu. Shimo la barabarani libaki shimo. Zahanati isiyo na paa inyeshewe kama kawaida yake. Wakaajiriwa askari wa hifadhi, wenye kofia za kijani na filimbi shingoni, kazi yao kuhakikisha hakuna mwananchi anayejitatulia tatizo kienyeji.

Mimi naitwa Mbaruku, mwanafunzi wa uzamivu katika Idara ya Sosholojia. Nilijiunga nikiwa na nywele nyeusi. Msimamizi wangu ni Profesa Filoteo Makanyaga, na kabla sijaendelea naomba ijulikane kwamba simchukii hata kidogo. Namuwaza tu kama mtu anavyoliwaza jino linalomuuma.

*

Profesa Makanyaga hasomi kazi za wanafunzi. Wasiojua husema ni uvivu, kumbe ni mbinu. Ukimpelekea sura, huiweka kwenye kiganja akaipima uzito, kama mama asiyemwamini mwenye bucha, kisha huandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: Boresha. Ukiboresha ukairudisha, anaipima tena. Sura yangu ya pili imeboreshwa mpaka mimi mwenyewe sielewi tena inahusu nini. Ninaposubiri, namsahihishia mitihani, napeleka gari lake kuoshwa, na kwenye kipaimara cha mjukuu wake mimi ndiye niliyesimamia vinywaji. Huniita "kijana", ingawa nina mvi kumshinda.

Jina lake kubwa lilitokana na utafiti mmoja, ambao kila mwanafunzi wa Nadharia na Mbinu ni lazima aukariri. Siku anapoufundisha huvaa suti ya bluu na hutaka tusimame anapoingia. Siku ninayoisema, nilikuwa nimekaa nyuma kwa ajili ya kumwendeshea picha ukutani, na pembeni yangu alikaa mwanafunzi mpya, Siwatu Litunu, binti mtulivu mwenye mwandiko mzuri.

Profesa akaanza. Alisema alichukua mitaa miwili ya mji huuhuu, iliyofanana kwa kila kitu, hata kwa umaskini, akaiita Mtaa A na Mtaa B, kwa kuwa maadili ya utafiti yanakataza kutaja majina. Mtaa A ukawekewa mabomba ya maji. Mtaa B haukuwekewa, ili uwe kundi linganishi, maana bila mtu wa kukosa huwezi kujua aliyepata amepata kiasi gani. Bomba kuu lilipita chini ya Mtaa B kwenda Mtaa A, na jioni watu wa B walikuwa wakilaza masikio ardhini kuyasikiliza maji yakipita. Hilo nalo, alisema kwa fahari, lilirekodiwa.

Watu wa B walikatazwa kuchota A. Aliyekamatwa na ndoo ya maji safi alishtakiwa kwa kosa la kuchafua data, na ndoo ikamwagwa mbele yake.

Matokeo yaliishangaza dunia. Watu wasio na maji walionekana kuwa na mshikamano mkubwa kuliko wenye nayo. Walikusanyika mara nyingi zaidi, walichangiana zaidi, walipikiana zaidi. Ni kweli kwamba walikuwa wakikusanyika misibani, lakini jambo hilo liliwekwa kwenye tanbihi. Hapo ikazaliwa Nadharia ya Uvumilivu Endelevu, inayosema kwamba maskini akiachwa alivyo hustawi kiroho, na Profesa akapewa nishani na nyumba yenye bustani kule Kilimani.

Akaniashiria nibadilishe picha. Ukutani akatokea mwanamke amesimama karibu na ndoo iliyopinduliwa, macho yamefunikwa kwa utepe mweusi ili asitambulike.

"Mhojiwa wa kundi linganishi," alisema Profesa. "Tazameni mkao wake. Huo ndio uvumilivu."

Siwatu aliacha kuandika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Khanga hiyo iko nyumbani kwetu." Halafu akanyoosha mkono, akauliza mwanamke yule alipatwa na nini baadaye. Profesa akasema ni swali zuri sana, ila liko nje ya mawanda ya utafiti.

*

Siwatu alinisimulia kantini, chai ikipoa. Mtaa B ni Bondeni, na yule wa pichani ni mama yake. Baada ya ndoo ile kumwagwa walirudi kunywa maji ya dimbwi la machimbo, na kipindupindu kikaingia. Mdogo wake, Nassoro, aliomba maji mchana kutwa na usiku kucha. Mama aliogopa kumpa yale ya dimbwi, akaogopa kumnyima, na mwisho akampa kwa kijiko huku akilia. Kulipokucha Nassoro hakuomba tena.

Kwenye matanga walikuja wasaidizi wa utafiti na dodoso. Wakauliza, kwa kiwango cha moja hadi tano, msiba huu umeimarisha mshikamano wa mtaa kwa kiasi gani. Mama yake aliwatazama tu. Wakajaza tatu, wakashukuru kwa ushirikiano, wakanawa mikono kwa maji waliyokuja nayo.

Bondeni mpaka leo haina maji, kwa sababu Profesa hakuwahi kuufunga utafiti ule. Kila mwaka huuongezea neno "endelevu" na wafadhili huendelea naye. Nilimwambia Siwatu pole. Ndilo neno nililokuwa nalo.

"Sikuja hapa kutafuta pole, kaka Mbaruku," alisema. "Nataka Bondeni ipate maji, na nataka yeye ayakose. Nimekuja kusoma mbinu zake."

Nilikunywa chai yangu. Mimi ni mtu wa amani, na nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

*

Kwa sheria zetu, eneo la utafiti linaweza kufunguliwa upya na mwanafunzi wa profesa yuleyule, kama mwendelezo, mradi profesa aweke sahihi. Siwatu akaandika pendekezo lenye kichwa "Kupima Upya Uthabiti wa Modeli ya Makanyaga", na ndani yake jina Makanyaga lilijitokeza katika kila aya, mara nyingine mara mbili. Akampelekea Profesa katika harusi moja aliyoalikwa, kati ya supu na pilau. Profesa alisoma kichwa, akajiona humo, akatabasamu, akaweka sahihi kwa mkono wenye mafuta.

Hata angelisoma lote asingejua lolote, kwa kuwa ndani mitaa iliitwa A na B tu. Majina halisi hupelekwa wizarani, katika Chumba cha Minong'ono, ambako mtafiti hutubu kama aungamaye, ila katika sikio la Waziri, na Waziri huapa kutomwambia mtu. Utaratibu huu ulibuniwa na Profesa Makanyaga mwenyewe, na ndio uliomfaa alipoichagua Bondeni.

Siwatu akanong'ona kwamba Mtaa A, wa kupewa maji, utakuwa Bondeni. Na Mtaa B, wa kulinganishia, utakuwa Kilimani.

Waziri alishtuka kidogo. Akauliza kama kweli inafaa mtaa wenye maji uwe kundi linganishi. Siwatu akamnukulia kitabu cha Profesa, ukurasa ambao wote tuliukariri: kundi linganishi lisipewe chochote, na likiwa tayari lina kitu, kiondolewe ili pawe na ulinganifu. Waziri akaomba muda awapigie wafadhili. Wafadhili walifurahi kupita kiasi. Walisema wamechoka kuwaona maskini wakikosa maji, ni jambo lililoandikwa mno, lakini maprofesa kukosa maji ni mchango mpya katika taaluma. Wakaongeza fungu. Na kwa vile Waziri haishi Kilimani, bali kwenye kilima kingine kirefu zaidi, dhamiri yake ilitulia.

*

Mabomba yalifika Bondeni kwa ngoma na vigelegele. Siku hiyohiyo koki kuu ya Kilimani ikafungwa, na askari wa kofia za kijani wakapanda na filimbi zao.

Mwanzoni Profesa aliipokea hali hii kisomi. Katika tafrija ya idara aliinua glasi ya mvinyo, kinywaji pekee kilichokuwa kimebaki nyumbani kwake, akamsifu mtafiti huyo asiyejulikana. Alisema ni nadra siku hizi kuona mtu mwenye msimamo wa kimbinu kiasi hicho, asiyeyumbishwa na huruma. Siwatu alikuwa akipitisha sambusa. Akamwambia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama.

Lakini mvinyo haufui shuka. Bustani ilikauka, kisha vyoo vikaanza kuzungumza. Wakazi wa Kilimani walijaribu kununua maji mjini wakanaswa getini, ndoo zikamwagwa, na kila mmoja akasomewa kosa la kuchafua data. Profesa wa Maadili alikutwa akifyonza maji ya rejeta ya gari la jirani. Mke wa Mkuu wa Kitivo alimshtaki rafiki yake wa siku zote kwa kumwibia maji yaliyooshea vyombo. Wasaidizi wa Siwatu walipopita na dodoso kupima mshikamano wa mtaa, walifukuzwa kwa mawe, na waliokuwa wakirusha mawe wakageuka kurushiana wenyewe.

Profesa Makanyaga naye alinaswa. Alikuwa akipanda kutoka mahafali yaliyofanyika mjini, amevaa joho lake jekundu, anatembea kwa kutanua miguu kama mjamzito. Askari akapuliza filimbi, akaomba radhi, akainua joho, na chini yake pakaonekana dumu la maji limefungwa kiunoni kwa mkanda. Lilimwagwa pale pale. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba kofia yake, na nilijitahidi sana kuonyesha masikitiko.

Alikwenda wizarani kulalamika. Karani akamweleza kwa upole kwamba kundi linganishi haliruhusiwi kujua kwamba ni kundi linganishi, na kwamba hata hilo amelisema kimakosa. Koki itafunguliwa tasnifu itakapopitishwa, na wizara inavyojua, tasnifu imekwisha siku nyingi, imelala mezani kwa msimamizi ambaye hajaisoma.

Profesa alirudi na hasira. Aliniambia hajawahi kusikia unyama kama huo, msimamizi mzima kuikalia kazi ya mwanafunzi wakati watu wanateseka. Akanituma niandike hotuba yake ya Seneti, nami, kwa kuwa ni mtiifu, nikaiandika kwa moyo wangu wote. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Yote niliyokuwa nimeyameza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi niliyatia mle.

*

Seneti ya chuo chetu hukutana ukumbini, maprofesa wakiwa na majoho, na siku hiyo kila mmoja alikaa mbali na mwenzake kwa sababu ya harufu. Makamu Mkuu wa Chuo aliongoza akiwa ameweka kitambaa puani.

Profesa Makanyaga akasimama akasoma. Alisema wapo miongoni mwetu wasimamizi wanaopima akili za watu kwa kilo. Alisema wanawazeesha vijana wa watu kwa neno moja jekundu, huku wakiwafanya matarishi na waosha magari. Alisema msimamizi wa aina hiyo ni mwizi wa maisha. Ukumbi mzima ulimshangilia. Kisha, bila mtu kumshurutisha, akaongeza hoja yake mwenyewe, ambayo sikuiandika mimi: kwamba msimamizi huyo atafutwe, asimamishwe mbele ya Seneti, na asome tasnifu hiyo kwa sauti, neno kwa neno, mpaka amalize. Hoja ikapita bila kupingwa.

Jina la mtaa ni siri ya taifa, lakini jina la msimamizi si siri. Makamu Mkuu akapiga simu wizarani, akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Profesa Makanyaga," alisema, "iko mezani kwako."

Nilitumwa mimi kuileta. Nilijua ilipo, chini ya yangu. Jalada lake lilikuwa limeandikwa Boresha kwa wino mwekundu mpaka pakakosa nafasi.

Akasoma. Hakuwa na la kufanya, maana hoja ilikuwa yake. Alisoma juu ya jaribio la Kilimani, akasoma jinsi mshikamano wa wasomi ulivyopimwa ukaonekana haupo, na jinsi Nadharia ya Uvumilivu Endelevu ilivyovunjika watu wa kuvumilia walipobadilishwa. Maprofesa walikuwa wakiguna. Halafu akafika sura ya utafiti wa awali, ambako Siwatu alikuwa ameandika bila chuki wala mapambo yaliyotokea nyumba kwa nyumba Bondeni baada ya askari kumwaga ndoo, na mtoto gani alifariki katika nyumba ipi, na aliomba nini kabla hajafa. Sauti ya Profesa ikaanza kukwaruza. Akaomba maji ya kunywa. Chuo nacho kiko Kilimani, hayakuwepo. Akaendelea kusoma. Siwatu alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, anamtazama, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Mimi nilifurahi na kuumia kwa pamoja, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Ilipobaki sura ya mwisho, ya mapendekezo, Profesa alifunga kitabu. Alisema hakuna haja, mapendekezo ya tasnifu zote ni mamoja: serikali iongeze bajeti, elimu itolewe kwa umma, utafiti zaidi ufanyike. Seneti ikakubaliana naye haraka, kwani kwa mila ya chuo chetu mtahiniwa ndiye huwalisha watahini, na harufu ya kuku wa Siwatu ilikuwa imeshaingia ukumbini kushindana na ile nyingine.

"Profesa, hutamalizia?" Siwatu aliuliza.

"Umefaulu, binti," alisema, akitafuta kalamu. "Umefaulu vizuri sana."

Akaweka sahihi. Walikula mpaka mifupa.

*

Asubuhi koki ilikuwa bado imefungwa. Profesa alinipigia simu, nikaandamana naye wizarani. Karani akatueleza kwamba utafiti umefungwa rasmi, hongera, na sasa eneo litaachiwa kwa masharti yaliyomo katika mapendekezo kama yalivyopitishwa na Seneti. Akatusomea. Maji ya Mtaa B yatarudi pale ambapo kila familia iliyofiwa katika utafiti wa awali, kupitia kinywa cha mkubwa wa nyumba, mbele ya shahidi, itasema imeridhia. Akikataa mmoja, koki isifunguliwe.

Tulimkuta Siwatu katika ofisi yake mpya, mlangoni wameshaandika Daktari. Profesa alimwita mwanangu. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemlea kitaaluma, na kwamba neno lake moja kwa Waziri lingetosha.

"Utafiti wangu umekwisha, Profesa," alisema Siwatu. "Mtafiti akishamaliza haingilii mambo ya uwanjani. Iko katika kitabu chako."

Basi tukashuka Bondeni kwa miguu, Profesa akiwa mwombaji na mimi nikiwa shahidi.

Nitasema kweli, watu wa Bondeni ni waungwana kuliko nilivyotazamia, na ilinikera. Nilitaka wamzomee. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alimkalisha kwenye kigoda akamsimulia ndoa yao yote, tangu posa mpaka jeneza, jua likamwakia Profesa utosini, kisha akasema ameridhia, amejisikia mwepesi. Mama mmoja aliridhia akiwa amesimama mlangoni, hataki mtu yule akanyage kizingiti chake mara ya pili. Dada mmoja aliridhia kwa kuinamisha kichwa tu, hakutaka kuzungumza. Profesa alianza kupata matumaini. Njiani akanieleza kwamba hili linathibitisha nadharia yake, wanavumilia hasa, na kwamba akirudi ataandika makala.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake Siwatu.

Alikuwa akifua uani, na bomba lilikuwa linatiririka kwenye beseni. Profesa hakumtambua. Picha yake ameionyesha kwa miaka, ameieleza mpaka ng'ambo, lakini hajawahi kuyaona macho yake. Mama yeye alimtambua pale pale. Alifunga koki, akajifuta mikono, akatukaribisha tuketi kivulini. Halafu akaingia ndani, akatoka na glasi mbili safi, akazijaza bombani, akatupa.

Profesa alikunywa yote kwa mkupuo mmoja. Mama akamjazia tena, akanywa. Akamjazia ya tatu. Nilisikia koo lake likifanya kazi. Mama alisimama kando, ameshika glasi yangu, kwa kuwa mimi sikuweza kuimaliza.

Profesa alipopata pumzi akajieleza kwa ufasaha. Alizungumzia maendeleo ya elimu, mazingira ya wakati ule, na kwamba kila sayansi ina gharama zake. Alisema anasikitika. Alisema wenzake wote wameridhia, amebaki yeye.

"Mwanangu alikuwa anaitwa Nassoro," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Nimesoma."

"Aliniomba maji, nikawa sina ya kumpa. Wewe umekuja una kiu, nimekupa, kwa sababu mgeni hanyimwi maji kwangu." Akaichukua glasi mikononi mwa Profesa. "Kuridhia, hapana."

Profesa alidhani hakueleweka. Akaanza upya, safari hii kwa lugha nyepesi. Akasema Kilimani kuna watoto wadogo wasio na kosa lolote.

"Najua wapo," alisema mama. "Waje wachote. Hapa hakuna askari wala filimbi. Na wewe uje. Kila siku, na ndoo yako, uibebe mwenyewe mpaka juu. Nikiwepo nitakufungulia, na utaniamkia. Lakini lile bomba la kwako halitafunguliwa na kinywa changu, mpaka nifukiwe nilipomfukia."

Akamletea ndoo. Akaijaza pomoni, akamtwisha.

Tukapanda. Maji yalikuwa yanamchuruzikia usoni na kwenye tai, na mimi shahidi sikuruhusiwa kusaidia. Getini askari walimwacha apite, utafiti ulikuwa umefungwa, kubeba hakukuwa kosa tena. Alipofika juu akatua ndoo, akahema, akatazama kushoto na kulia.

"Kijana," alisema. "Yule mama alikuwa na hasira, lakini mwishoni nilimsikia ameridhia. Wewe hukusikia?"

Nikatazama maji yaliyobaki ndoani.

"Tasnifu yako nimeiangalia," alisema. "Ni nzuri. Kesho naipitisha kama ilivyo."

Kesho. Niliwaza mke wangu, ambaye huwaambia jirani kwamba niko masomoni nje ya nchi ili asione haya. Niliwaza watu kuniita Daktari Mbaruku, na vile ningelitamka mwenyewe bafuni nikiwa peke yangu. Nilikuwa na uwezo wa kuvipata vyote kwa neno moja, na yeye alijua, akaanza kutabasamu.

Nilimuaga kwa heshima, nikashuka moja kwa moja mpaka wizarani. Karani aliniuliza mama wa nyumba ya mwisho alisemaje. Nikamwambia alisema hapana. Akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na linamhusu mtu mkubwa. Nikamwambia nimesomea utafiti karibu nusu ya maisha yangu, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo nina hakika nalo.